Taarifa za Zamu za Povu

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, na mama yako mzima, isipokuwa goti lake ambalo siku hizi anasema linatabiri mvua kuliko redio. Ameniagiza nikuulize kama huko unakula au unashindia chai, maana anakujua. Jirani wa ghorofani amenunua mbwa anayebweka hata mtu akipiga chafya. Karakana ipo. Wiki hii navika upya kochi la daktari wa meno. Limekaliwa na watu wenye hofu miaka mingi, na sponji yake imebaki unga.

Nilitaka kukuandikia mapema. Nami nilikuwa naisubiri barua yako, lakini najua kazi ya kiwanda cha kuchapa vitabu haimwachi mtu.

Sasa nikueleze jambo. Siku chache baada ya maziko ya Mama Mwalimu wetu, wanafunzi wake waliniletea barua za rambirambi. Unalijua darasa lake la jioni: watu wazima waliohamia hapa kutoka nchi nyingine. Lugha yetu wanaisema vizuri tu sokoni na kazini, lakini wakishika kalamu wanaganda. Kila mmoja ana kamusi ndogo ya mfukoni, lugha yao upande huu, yetu upande ule. Basi walizifungua ili waniandikie kwa heshima. Mwokaji mikate aliandika, "Tunakupongeza kwa msiba mzito." Mlinzi wa ghala aliandika kwamba muda wa matumizi wa Mama Mwalimu umekwisha, na kwamba ameacha shimo la hatari. Na Povu, dada mmoja anayefua mashuka hospitalini, aliandika, "Tafadhali pokea machozi yangu yaliyoambatishwa."

Nilizisoma nimekaa kwenye kochi la daktari ambalo halijavikwa. Nikacheka mpaka mama yako akatoka jikoni kunitazama. Sikuwa nimecheka tangu siku ile. Kisha nikazisoma tena, nikaona kila mmoja amefanya kazi kubwa. Walitafuta neno moja moja, kama mtu anayepapasa misumari sakafuni.

Wenye ukumbi wanasema darasa litafungwa mpaka apatikane mwalimu. Nimewaambia nitakaa na wanafunzi mimi mwenyewe. Usicheke. Najua niliishia shule ya msingi, na unakumbuka Mama Mwalimu alivyokuwa akisema: "Mume wangu husoma gazeti kuanzia picha."

Sababu yangu ni Povu. Jina hilo alipewa darasani na amelikubali. Kazini wamempa majaribio ya kuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia, mpaka mwisho wa Juni. Kufua anajua, na watu wanamsikiliza. Kinachomtisha ni taarifa ya zamu. Kila akitoka lazima aache ukurasa mmoja wa kuwaeleza wanaoingia. Taarifa zisipoeleweka, anarudi kwenye mashine na nafasi anapewa mwingine. Mama Mwalimu alimwambia, "Tutaandika." Hakusema "utaandika." Sasa mmoja hayupo, na naona haya kumwacha mwenzake peke yake.

Wewe ni msahihishaji, unalala na kuamka na maneno. Niambie nianzie wapi. Mtu anafunguaje kamusi bila kuumia?

Barua hii ikichelewa usishangae. Siku hizi naenda kazini kwa njia ya nyuma, ile inayozunguka kiwanda cha sabuni, na posta iko kwenye njia ile nyingine.

Ni mimi mjomba wako.


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mwambie mama nakula, na chai nakunywa baada ya chakula, si badala yake. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ukuta una paka, kwa hiyo sikosi cha kutazama. Kazini tuna kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nimejifunza kwamba malkia akishaingia mzingani hatoki ovyo. Nimemwelewa.

Kuhusu darasa, nimelifikiria njia nzima ya kwenda kazini, na njia ya kurudi pia.

Kwanza hizo kamusi za mfukoni. Si mbaya, lakini zinampa mtu neno tupu, kama kumpa mtu ufunguo bila kumwambia mlango ni upi. Neno halitembei peke yake, lina jamaa zake. Mwokaji alipata "pongeza" kwa sababu alitafuta neno la kumwambia mtu aliyebeba jambo kubwa. Kamusi haikumwambia kwamba jambo lenyewe liwe la furaha. Waonyeshe kamusi kubwa, ile nene ya lugha yetu tupu. Kama haijahamishwa, iko rafu ya chini karibu na redio. Wakilipata neno wasiishie maana ya kwanza, wasome mpaka mwisho. Pale penye sentensi ya mfano wainakili, maana mfano ndio unaoonyesha neno linakaa na nani.

Pili, wasome. Hakuna anayeandika vizuri kitu ambacho hajawahi kukisoma. Ukurasa mmoja kila siku unatosha. Wausome wote kwanza bila kamusi na wakisie. Kisha wapige mstari chini ya maneno machache tu, yale yanayowafungia njia, ndipo wayatafute. Anayefungua kamusi kwa kila neno atakaa mwaka mzima kwenye ukurasa wa kwanza, na ataichukia lugha bure.

Tatu nina swali. Wanasoma nini sasa? Na Povu anasomaje, kwa sauti au kimya? Nataka kujua. Nimejikuta namfikiria kama mtu ninayemjua.

Niambie pia kochi la daktari limefikia wapi.

Kuna barua nyingine nilianza kukuandikia mwezi wa Januari. Haijaisha.

Chiriku


20 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Mama yako amempenda huyo paka wa ukutani, anauliza anakula nini na kwa nani. Kochi la daktari limekwisha. Alilikalia, akanyanyuka, akalikalia tena, akasema sasa limekuwa zuri mno, wagonjwa watasinzia wapitwe na zamu.

Kamusi kubwa nimeikuta palepale uliposema. Povu husoma kwa sauti ndogo, midomo ikicheza, kama mtu anayepoza chai. Wanasoma hadithi za watoto, kwa sababu sanduku la Mama Mwalimu limejaa hizo.

Mambo uliyoniambia tumeyafanya. Ila nilipofika kwenye kuandika nikakwama, nikageukia ninachokijua mimi. Kochi la zamani hulichani. Unalivua. Unaanza na kitambaa cha chini, unafuata mgongo wa nje, kisha mikono, na kila kipande unakiandikia kwa chaki kimetoka wapi, kwa sababu kipande kikuukuu ndicho kipimo cha kipya. Na ulivyovua ndivyo utakavyovika, ila kinyumenyume. Nikawaambia basi, tuvue ukurasa.

Tukachukua hadithi ya mfinyanzi na chungu kisichojaa. Kila sentensi tukaiandika kwenye karatasi yake ndogo, na nyuma yake tukaandika kazi inayofanya: hii inatuambia nani, hii inatuambia wapi, hii inaleta matata. Tukakifunika kitabu, tukageuza karatasi, tukaijenga hadithi upya kwa maneno yetu tukitazama upande wa kazi tu. Mwisho tukafunua kitabu na kulinganisha.

Mwokaji akasema, "Fundi, langu lina mikono mitatu."

"Afadhali wewe," mlinzi akamjibu, "langu halina pa kukalia."

Tulifurahi sana, na hapo ndipo tulipoharibu. Povu, aliyekuwa hodari kuliko wote, alikwenda kazini akaandika taarifa. Nakunakilia: "Hapo zamani za kale palikuwa na mashuka mengi ya wodi ya watoto, yakaishi kwa furaha ndani ya mashine kubwa. Siku moja mashine ikashikwa na uchungu wa tumbo, ikalia machozi, na hakuna aliyejua kwa nini."

Wenzake wa asubuhi waliisoma kwa sauti, wakampigia makofi asiyekuwepo. Lakini hakuna aliyejua ni mashine ipi inayovuja. Wakaipakia ileile. Maji yakafika korido. Msimamizi mkuu amempa Povu onyo. Jingine kama hilo, majaribio yamekwisha.

Alikuja darasani. Nikamwuliza hali, akasema, "Baba, nimevua kochi nikaivika meza."

Tangu hapo nalifikiria. Je, kosa ni la njia au la fundi? Sitaki kumfundisha kitu kitakachomwangusha.

Ile barua ya Januari isikusumbue. Barua haiozi.

Mjomba wako.


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi nyingi. Si kweli sana, lakini iwe hivyo. Msalimie mama. Mwambie paka anaitwa hovyo na wapangaji wote, kila mmoja jina lake, na anakula kwa wote. Nyuki wetu wamekwenda mashineni.

Povu amejibu swali lako mwenyewe kabla yangu. Njia haina kosa, kosa ni kitambaa. Anayetaka kushona taarifa avue taarifa. Darasa zima limesoma hadithi tu, basi wakiandika inatoka hadithi. Tena tukubali, kama hadithi ilikuwa nzuri. Hiyo mashine ya machozi nimeisoma mara mbili.

Tatizo ni kupata taarifa za kuvua. Nadhani zile za zamani kazini kwake zote zinasema "Kazi ilikwenda vizuri," hata siku maji yalipofika korido. Nikatazama nilipo. Hapa kwetu yuko fundi wa mashine tunayemwita Wino. Yeye huwaachia wenzake maelezo kila akitoka. Nikamwomba ninakili baadhi.

"Dada, haya si maandishi," alisema. "Haya ni maelezo tu."

"Ndiyo maana nayataka," nikamwambia.

Akayatoa akiwa ananitazama kama mtu aliyeombwa soksi zake. Haya hapa:

"Mashine ya pili inakula karatasi upande wa kushoto. Nimeizima. Msiiwashe kabla fundi umeme hajaja."

"Wino mwekundu umebaki kopo moja. Jalada linahitaji mwekundu. Anzeni na kurasa za ndani."

"Nimesikia mlio nyuma ya rola. Sijajua ni nini. Sikilizeni na nyinyi."

Huo ujumbe wa mwisho ndio ninaoupenda. Mtu anaandika asichokijua bila kuona haya, na wenzake wanapata msaada kwenye kutojua kwake. Mwambie Povu auvue huo taratibu.

Jambo moja zaidi. Wawe na mwiko: neno jipya lisiingie kwenye taarifa mpaka wamelikuta likitumiwa na waandishi wawili tofauti. Kamusi iwe ya kuhakikisha, isiwe ya kupambia.

Mjomba, mbona unazunguka kiwanda cha sabuni? Ni mbali, na ile harufu ulikuwa huipendi.

Chiriku


25 Mei

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Mama yako sasa anatembea bila fimbo. Fimbo yenyewe ameibakiza kwa ajili ya mbwa wa ghorofani, na wawili hao wameanza kuheshimiana. Hewa imekuwa ya ubaridi kidogo, gundi inachelewa kukauka. Nina viti vya ukumbi wa mikutano, vyote vya rangi moja ya kusikitisha.

Mfikishie Wino salamu za darasa zima. Wanamzungumza kama jamaa. Siku ya kwanza mwokaji aliinua mkono. "Fundi, mashine inakulaje karatasi? Ina njaa?"

Tukafungua kamusi kubwa. Mlinzi ndiye aliyesoma, maana ana sauti ya kusomea watu majina getini. Akasoma kula chakula. Akaendelea: kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula chumvi nyingi. Kila akidhani amefika mwisho, kuna kula nyingine inamsubiri.

"Lugha hii ina tumbo," mwokaji akasema. "Nami naamka alfajiri kuoka, kumbe watu wangeweza kula viapo."

Povu hakucheka. Alikuwa amechukua karatasi, ananakili mifano. Wiki iliyofuata alinijia na kipande cha gazeti, amelikuta neno lilelile: kutu imekula nguzo za daraja. "Baba, wa pili huyu," akasema. Na siku hiyo hiyo aliandika kazini: "Mashine ya tatu inakula vifungo vya foronya. Tumieni ya nne."

Tangu hapo taarifa zake zimekuwa hivyo. Fupi, na mtu akisoma anajua pa kuweka mkono. Kisha wiki iliyopita aliandika hii: "Mfuko wa wodi ya upasuaji una sindano ndani ya mashuka. Nimeona moja. Sijui kama zipo nyingine. Nimeufunga kwa kamba nyekundu, uko kando ya mlango. Msiufungue. Muuguzi mkuu nimemwambia."

Hawakuufungua. Muuguzi alikuja na glavu nzito akatoa sindano nyingine zaidi. Hakuna aliyechomwa.

Mtu angetegemea ahsante. Msimamizi mkuu alimwita ofisini, akaweka mezani taarifa ya machozi na taarifa ya sindano, akamwuliza, "Nani anakuandikia?"

Amesikia kwamba darasa lina mume wa mwalimu, anadhani ni mimi. Laiti angeona mwandiko wangu. Povu alikana, na bwana huyo hakuamini. Sasa amepangiwa tarehe ishirini na nane Juni, akae mbele ya watu watatu aandike wakimwona. Hawajamwambia ataandika nini. Akiandika ovyo, watasema zile zote zilikuwa za mtu mwingine, na nafasi imekwenda.

Aliuliza kama anaweza kuwa na kamusi.

"Msimamizi gani anatembea na kamusi?" bwana yule akamwuliza.

"Wewe mbona unatembea na miwani?" Povu akamjibu.

Anasema bwana yule alikohoa kidogo, kisha akamwambia aje nayo.

Kamusi anayoitaka ni ile kubwa. Wiki hiyo zamu zimembana, hataweza kuja darasani, kwa hiyo nimemwahidi itamfikia siku moja kabla. Labda nitampa mlinzi ampelekee. Nitaona.

Niambie kama kuna la kumfundisha zaidi kwa siku zilizobaki. Hapati usingizi, nami simwambii kwamba tuko wawili.

Mjomba wako.


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nakimbizana na posta, kwa hiyo salamu za mama zipo hapa zote bila kutajwa moja moja.

Usimfundishe Povu kitu kipya. Neno lililoingia jana ndilo linalomkwaza mtu leo. Asome kurasa anazozipenda, zile alizokwisha kuzivua, asome kwa midomo yake kama mtu anayepoza chai. Siku yenyewe aandike kwanza mpaka mwisho bila kugusa kamusi. Kisha arudi mwanzo, apige mstari pale anapotia shaka tu, ndipo afungue. Na asiogope kuandika kidogo. Wino amesema nimwambie hivi: "Andika kama anayesoma ana mikono iliyoshika kitu."

Mama Mwalimu alikuwa akisoma amesimama, ameegemea friji, mguu mmoja umekanyaga mwingine. Nilipokaa kwenu wakati wa shule, nikimwuliza neno hanijibu. Alisema, "Lisome tena pamoja na ndugu zake." Nikinuna ananimenyea chungwa. Alimenya ganda zima bila kulikata, likining'inia kama utepe, na alinipa ganda kwanza, chungwa baadaye. Nilidhani ni mzaha wake. Huku nikimenya, ganda linakatika kila mara. Hata leo limekatika.

Hiyo ndiyo barua ya Januari. Kumbe ilikuwa fupi.

Kuhusu kiwanda cha sabuni hujanijibu. Si lazima.

Chiriku


8 Julai

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, na salamu zetu zote. Mama yako amekuwa akipita na barua yako ya mwisho mfukoni. Nilipomwomba niisome tena alinipa, akasimama palepale mpaka nikamrudishia. Ganda lile Mama Mwalimu alikuwa akilimenya hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Nami nilipewa ganda kwanza. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Povu ameandika. Walimketisha kwenye chumba chenye meza ndefu, watu watatu upande ule, yeye upande huu na kamusi yake nene kama tofali. Msimamizi mkuu akamwambia, "Andika jambo lililotokea jana." Basi.

Alifanya kama ulivyosema. Aliandika mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapiga mstari chini ya neno moja tu, kusita. Akalitafuta, akalisoma mpaka chini, akaliacha lilivyo. Mmoja wao akamwuliza kwa nini ameangalia neno ambalo limekaa sawa. Akasema, "Nimelikuta kwa waandishi wawili. Nilitaka wa tatu."

Alininakilia alichoandika, na mimi nakunakilia bila kubadilisha kitu:

"Jana mchana mume wa mwalimu wangu aliniletea kamusi. Mwalimu wangu alifariki katika hospitali hii, wodi ya tano, mwezi wa Januari. Tangu siku hiyo mume wake hapiti barabara hii. Anazunguka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Namwona kwa sababu naishi huko. Sijawahi kumwambia kwamba namwona.

"Jana alikuja kwa barabara hii. Alisita mlangoni. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nilimpa kiti, hakukaa. Alitazama mashuka yaliyokunjwa. Aliniuliza, 'Ya wodi ya tano ni yapi?' Nilimwambia, 'Baba, yakishafuliwa hayana wodi. Yote ni mashuka.' Alishika moja. Kisha alianza kunisaidia kukunja. Anakunja polepole sana, anavuta kila pembe kama anavika kochi. Hakuacha mpaka zamu ilipokwisha. Aliondoka kwa mlango wa mbele.

"Kamusi ninayo. Mashine zote zinafanya kazi."

Msimamizi mkuu aliisoma, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Hakuna aliyeuliza tena nani anamwandikia. Msimamizi mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Jumatatu unaanza. Zamu ya jioni."

Kwa hiyo amepata. Na kwa kuwa ni zamu ya jioni, darasani hatakuja tena. Alipokuja kuaga, mwokaji alimletea mkate wenye umbo la shuka lililokunjwa, au ndivyo alivyodai. Sisi tuliona mkate. Mlinzi alimsomea jina lake kwa sauti ya getini. Povu akasema taarifa zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzivua. Nilimwambia abaki na kamusi kubwa. Akakataa, akasema darasa bado linaihitaji, yeye atanunua yake polepole.

Wewe uliniuliza na mimi sikukujibu. Kila nikikaa kukuandikia habari ya barabara ile, nilijikuta naandika habari ya goti la mama yako. Sasa Povu ameiandika, na sina la kuongeza wala kupunguza. Siku ile niliondoka nyumbani nikiwa na nia ya kumpa mlinzi kamusi. Nilipofika njia panda miguu ikakata shauri kabla yangu. Nilichokiona mle ndani ni wanawake wanafanya kazi, na mvuke, na kitambaa safi. Mimi mtu wa vitambaa. Nilipokishika nilijua nimeshika nini.

Siku hizi napita mbele. Barua hii nitaitia posta mwenyewe.

Wenye ukumbi wanasema mwalimu bado hajapatikana, na hawaonekani kumtafuta kwa bidii. Kuna wanafunzi wapya wawili, mmoja anauza miavuli, mwingine hajasema anafanya nini. Wote wamekuja na kamusi za mfukoni, wameshika kurasa kwa vidole. Yule wa miavuli ameniandikia salamu ya kwanza: "Ninakuabudu, ewe fundi." Tutaanza hapo.

Jumanne jioni nitasimama mbele yao, mara ya kwanza bila Povu pembeni wa kunionyesha ukurasa. Saa hiyo, popote utakapokuwa, unikumbuke.

Mjomba wako.